Maswali ya Wasomaji: Samaki Atagaye Ndani ya Kome

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wanafunzi wangu, ambao wengi wao ni watoto wa wavuvi, walinibishia niliposema kwamba katika mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, yuko samaki anayetaga ndani ya kome aliye hai. Je, nimewapotosha?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Hukuwapotosha, mwalimu. Samaki huyo ni Rhodeus sericeus, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa viumbe Pallas mwaka 1776, na urefu wake ni kama wa kidole tu. Maji yanapopata joto baada ya majira ya baridi, dume hung'aa rangi na kulinda kome wake, naye jike huota mrija mrefu ambao huupenyeza katika tundu la kome la kutolea maji, akaacha mayai machache kwenye matamvua. Kisha dume humwaga mbegu karibu na tundu la kuingizia maji, na kome mwenyewe huzivuta ndani anapopumua. Vifaranga husitirika humo kwa majuma kadhaa hadi waweze kuogelea. Linalonigusa zaidi ni kwamba mto ukichafuka na kome wakafa, samaki huyu hukosa pa kuzalia hata akiwa yeye mwenyewe angali hai.

Wavuvi wa mto Sabaki hawatamnasa, kwani mito anamoishi samaki huyu huganda barafu wakati wa baridi. Kwa mfano wa karibu, waonyeshe wanafunzi perege, ambaye jike wake huatamia mayai kinywani.