Mvua hunyesha, haihitaji "hali"

SWALI: Kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mtangazaji wa televisheni hutuletea "utabiri wa hali ya hewa". Mzee wangu hapa Tanga anashikilia kwamba kutabiri ni kazi ya wapiga ramli, na kwamba wataalamu wanapaswa kusema "matarajio". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mfikishie mzee shikamoo yangu, kisha umwambie kwamba "utabiri" ni neno sahihi. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilihusu kufasiri ndoto. Kwetu limekuwa na maana ya kueleza litakalotokea kwa kusoma dalili zake, na hiyo ndiyo kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iwe dalili hizo zimeonwa na rada au na setilaiti. Hayo "matarajio" ndiyo yenye kasoro, kwa sababu anayetarajia hungoja kwa matumaini. Mkulima hutarajia mvua, lakini mtangazaji anaposema "tunatarajia mafuriko" huwa anawatakia watu wa mabondeni shari bila kukusudia.

Kinachoniudhi zaidi ni sentensi inayofuata baada ya neno hilo, ambayo nimeisikia katika vituo vingi mno: "Kesho kutakuwepo na hali ya mvua katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Tanga." Kwanza, "kutakuwepo na" ni miundo miwili iliyobanwa mahali pamoja. Kiswahili kinakubali "kutakuwa na mvua", na kinakubali pia "mvua itakuwepo". Ukishaweka "-po" umeshasema kwamba kitu kipo, na hiyo "na" haina tena kazi. Pili, "hali ya mvua" ni nini? Mvua ni mvua. Anayelowa kituoni akisubiri daladala hajalowa kwa hali. Neno hilo limetoka kwenye jina la kipindi, ambako lina kazi yake halali, likaenea hadi tukapata "hali ya upepo", "hali ya mawingu" na "hali ya jua", ilhali lugha yetu imempa kila mmoja wa hawa kitenzi chake: mvua hunyesha, upepo huvuma, mawingu hutanda, jua huwaka, bahari huchafuka. Vitenzi hivyo vinajulikana na kila mtoto wa pwani, na kuviacha ni kuitupa mali ya urithi.

Tatu, na hapa ndipo lugha mbovu inapomdhuru mtu, "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Tanga" haimwambii mtazamaji lolote. Mkoa huo unaanzia milima ya Usambara, kule Lushoto, hadi Pangani baharini. Mwenye shamba la viazi na mwenye ngalawa wote wamekaa mbele ya televisheni, na hakuna kati yao aliyeambiwa kama ni yeye. Mara nyingi mtangazaji mwenyewe huwa amesimama mbele ya ramani akiufunika ukanda wote wa pwani. Angalisema hivi, asingepoteza hata sekunde moja: "Kesho asubuhi mvua itanyesha Lushoto na Korogwe, Pangani upepo wa kusi utavuma kwa nguvu na bahari itachafuka."

Kuna neno moja la wataalamu ninalolivumilia kwa shingo upande, nalo ni "wastani", katika utabiri wa masika na wa vuli. Wao wanapotangaza "mvua za wastani" wanalinganisha na kiwango cha miaka mingi cha mahali husika, lakini mtazamaji husikia mvua ya kadiri, isiyo nyingi wala haba. Dodoma kwa kawaida hupata chini ya milimita 700 kwa mwaka, na Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Kwa hiyo mvua ya wastani ya Dodoma ni haba kwa anayetaka kupanda mahindi badala ya mtama. Neno lenyewe ni la kitaalamu na siwezi kuwanyang'anya wenyewe. Ninachodai ni kwamba mtangazaji asilitamke peke yake, bali aongeze maneno matatu tu: "kwa mahali hapo".