Daftari lililojazwa saa nne asubuhi

Nilikuwa natafuta kalamu tu. Nikafungua daftari la watoto wa kituo changu cha kulelea wachanga: "Mchana: amekula vizuri. Amelala kwa saa mbili." Watoto wote tisa, mwandiko mmoja, na maharagwe ya huo mchana bado yatokota jikoni.

Nilitaka kugomba, kisha nikakumbuka ile fomu niliitunga mwenyewe: visanduku kumi na kimoja kwa kila mtoto. Mlezi ana mikono miwili. Nikaichana. Sasa twaandika mambo matatu: amebakisha nini sahanini, nepi imebadilishwa saa ngapi, na lolote lisilo la kawaida. Kalamu imefungwa kwa uzi pale pale pa kubadilishia nepi. "Amebakisha" ndilo neno lililotufaa zaidi. Wiki moja mtoto mmoja alikuwa anakunywa mchuzi na kuacha ugali siku zote. Kumbe gego lilikuwa linatoka.

Kama unalea wachanga Mombasa, maziwa yakushughulishe kuliko rangi za ukutani. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji kwa muda wa saa 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 25. Mchana wa Machi hapa wapita nyuzi 30, kwa hiyo kwangu hayakai mezani hata kidogo. Chupa huandikwa jina na saa, kisha friji moja kwa moja. Stima ikipotea, friji haifunguliwi ovyo. Yaliyobaki mtoto akishanyonya hunywewa ndani ya saa 2 au humwagwa. Kina mama huumia, na wana haki: mwengine ameyakamua chooni kazini.

Jengine: mzazi aje bila kupiga simu. Mwanzoni niliogopa. Lakini mama aliyetoka zamu mapema, akavuka feri na kuingia saa nane mchana, hunionyesha nisiyoyaona. Saa nane ndiyo saa ya kukijua kituo. Joto limekolea, walezi wamechoka. Ukikuta kila siku watoto wote wamelala fofofo kwa pamoja, uliza wamepewa nini. Kwangu dawa ya kikohozi haiguswi bila mzazi na karatasi ya daktari.

Juzi nimekuta nafasi mbili tupu daftarini, na chini yake: "Hawa sikuandika, nilikuwa nimembeba anayelia." Nikaziacha vivyo hivyo.