Maswali ya Wasomaji: Dola 20 za Dosie

*Anajibu Yaya Mhasibu, aliyestaafu kwenye komini moja ya Lubumbashi*

Jambo Yaya. Hapa Katuba tuko washonaji wanane. Amekuja baba mmoja na karatasi yenye bendera, anasema jimbo linatoa ruzuku ya kuwapa vijana kazi, makuta (pesa) yametoka kwenye migodi. Kila mmoja atume dola 20 za dosie kwa simu kabla ya Ijumaa. Tutume? – Mama mshonaji

Mama, msitume hata franka moja.

Huyo baba ni hodari, maana uongo wake ameufunga ndani ya ukweli. Makuta ya migodi yapo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa redevansi, yaani ushuru ambao migodi inalipa kwa madini inayouza, hivi: asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 zinabaki kwa komini, sekta au sheferi (serikali za mitaa, za mjini na za vijijini) ambamo madini yanachimbwa. Hapo penye 15 ndipo anapowachanganya watu. Fungu hilo linafuata shimo. Komini isiyokuwa na mgodi hailipati, hata bugumestri wake, yaani mkuu wa komini, awe mpole namna gani. Kampuni za migodi pia zinatoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii za jirani, na fedha hizo zina chombo chake, chenye wajumbe wa jamii na wa kampuni. Katika njia hizo zote hakuna mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya dola 20.

Nimeketi dirishani miaka mingi na karatasi yenye bendera hainitishi. Mihuri inachongwa mjini hapa hapa, unangoja kwenye kiti huku fundi anamalizia. Mimi naangalia njia ya makuta. Unachodaiwa na serikali kinaandikiwa hati ya malipo, unakilipa benki, unarudi na bodero, risiti ya benki. Namba ya simu ya mtu si kasha la serikali.

Akirudi, mwulizeni fedha hizo zimo kwenye mstari gani wa bajeti ya jimbo. Bajeti hiyo ni edi, yaani sheria ya jimbo, inapigiwa kura na bunge la jimbo, si siri ya ofisi. Mwulizeni pia ni nani mwingine amechaguliwa, na orodha imebandikwa wapi. Matapeli wengi hapo wanakumbuka ghafla wana msiba, wanaondoka.

Ila msikae tu kungoja tapeli mwingine. Wanane mnatosha kuwa kikundi. Nendeni Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, mwulize masharti ya kuandikishwa, mpate namba ya RCCM (daftari la serikali la biashara), mfungue akaunti kwa jina la kikundi, na daftari la mauzo liwe na tarehe. Siku ruzuku ya kweli ikitangazwa, wenye karatasi hizo ndio wanaosikilizwa kwanza.

Yaya, mimi ni mwashi. Tumejenga jengo la serikali nje ya mji. Ripoti inasema kazi 60 zimeundwa. Siku ya watu wengi kabisa tulikuwa kama 15. Wamehesabu nini?

Baba, inawezekana wamehesabu majina. Aliyebeba mchanga siku mbili akaondoka ni kazi moja; aliyemfuata ni ya pili. Kwenye karatasi wanakuwa wengi, kwenye kiwanja mnabaki walewale. Hesabu ya haki inataja siku zilizofanywa, au inataja mikataba na walioandikishwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi. Ukiambiwa "kazi" bila muda wake, hujaambiwa kitu.

Inawezekana pia kuna majina ya hewa, na hilo ni wizi. Mwanzoni mwa 2023 IGF, wakaguzi wakuu wa fedha za serikali, ilitangaza kwamba kwenye orodha ya mishahara ya serikali imekuta watu zaidi ya 145,000 wenye namba za matrikule (namba za utumishi) zisizo sahihi au za kubuni. Kama orodha ya nchi nzima ilibeba hao, kwa nini orodha ya kiwanja kimoja isikaguliwe? Dawa ninayoiamini mimi ni ya bei ndogo kuliko tume: orodha ya malipo ibandikwe kiwanjani kila wiki, majina na siku. Waashi wanajuana. Jina la hewa litaonekana kabla ya saa sita.

Hapa Kampemba wanaandikisha watu kwa "PDL-145T". Ni kweli?

Mpango huo wa serikali wa maendeleo ya mitaa upo, lakini soma jina lake: ni wa teritwari 145, yaani wilaya za nje ya miji. Kwetu Haut-Katanga ni Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Kampemba ni komini ya mji. Tena mpango ule unajenga shule, vituo vya afya na ofisi; haugawi bahasha.

Mimi nilishalipa. Nifanye nini?

Usifute ujumbe wa simu, na usimpigie kumtukana, maana atabadilisha namba. Utapeli unaadhibiwa na kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai, miezi mitatu hadi miaka mitano. Watafute wengine waliolipa, muandike malalamiko ya pamoja kwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka: tarehe, kiasi, namba iliyopokea. Pelekeni nakala mbili, ya pili wawagongee muhuri wa kupokelewa. Karatasi za asili zibaki kwenu.