Maswali ya Wasomaji: Moshi na Vumbi Tunavyovivuta kwa Miaka Mingi

Tangu mvua za masika zikatike, barua nyingi zinazoletwa kwenye ukurasa huu zinahusu kifua. Tumechagua tatu, mbili za Arusha na moja ya Moshi, kwa sababu waandishi wake wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: hewa chafu inayovutwa kidogo kidogo kila siku humfanya nini mtu baada ya miaka mingi?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 49 na nimekuwa mama lishe karibu na soko la Kilombero kwa zaidi ya miaka ishirini. Maharage na makande napika kwa kuni, chai na chapati kwa mkaa, ndani ya kibanda cha mabati kilichozibwa pande tatu. Sijawahi kuvuta sigara. Tangu mwaka juzi nakohoa kila asubuhi na kutoa makohozi meupe, na sasa siwezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi kibandani bila kuitua njiani. Nimepimwa kifua kikuu mara kadhaa na majibu ni hasi, na kila mara narudi nyumbani na antibayotiki na dawa ya kikohozi. Je, ni uzee tu?
Mama lishe, Arusha

JIBU: Pole sana, mama. Kushindwa kubeba ndoo ukiwa na miaka 49 si uzee, na mtu yeyote akikuambia hivyo usikubali. Dalili ulizoeleza, yaani kikohozi cha kila asubuhi, makohozi yasiyokwisha na pumzi inayopungua polepole kwa mtu aliyepikia kuni kwa miaka mingi, zinafanana sana na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Watu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, wanauhesabu kuwa ugonjwa wa wavuta sigara, kwa hiyo mwanamke asiyewahi kugusa sigara hupimwa kifua kikuu tena na tena bila mtu kumuuliza anapikia nini.

Moshi wa kuni una chembechembe ndogo mno, zenye upana usiofikia hata sehemu moja ya ishirini ya unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, tukalipiga chafya au kulikohoa, lakini chembechembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo damu huchukua hewa. Huko huamsha uvimbe mdogo usiouma. Uvimbe huo ukirudiwa kila siku kwa miaka, kuta za mirija ya hewa hunenepa, makohozi huongezeka na vifuko hupoteza uwezo wake wa kunywea, hivyo mtu huvuta hewa ndani lakini hawezi kuitoa yote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembechembe hizi kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Katika jiko la kuni lisilo na bomba la kutolea moshi, kiwango hicho hupanda hadi mamia wakati chungu kiko motoni.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, nami nalitaja kwa sababu ndilo linaloua zaidi. Sehemu kubwa ya madhara ya moshi haiishii kwenye mapafu. Uvimbe ule husambaa kwenye damu, hukaza mishipa na kuharakisha kujengeka kwa mafuta ndani ya kuta zake, na ndiyo sababu vifo vingi vinavyotokana na hewa chafu ni vya maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani, zikijumlishwa, huchangia vifo vya mapema vipatavyo milioni 7 duniani kila mwaka. Kwa hiyo pima presha yako, hata kama aliyekuona mara ya mwisho alisikiliza kifua peke yake.

Ombi langu ni kwamba uende hospitali, na ukikaa mbele ya daktari uanze na habari ya kuni, miaka uliyopika na kile kibanda, kabla hujaanza na kikohozi. Omba rufaa ya kipimo cha kupuliza, ambacho unavuta hewa yote unayoweza kisha unaipuliza kwa nguvu ndani ya mashine hadi iishe. Ikiwa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote uliyopuliza, hata baada ya kupewa dawa ya kutanua mirija, basi njia zimeziba. Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini dawa za kuvuta husaidia, na kuondoka kwenye moshi hupunguza kasi ya kuharibika kwa kile kilichobaki.

Najua biashara yako ndiyo inayolisha nyumba, na sikuambii uifunge. Bati la upande unaopingana na mlango likiondolewa, upepo utapita. Maharage na mahindi ya makande yakilowekwa usiku kucha yataiva mapema, na kuni zilizokauka sawasawa hutoa moshi mdogo kuliko zile mbichi zinazoletwa sokoni msimu wa mvua. Hata hivyo gesi ndiyo inayoleta tofauti kubwa, angalau kwa yale mapishi ya asubuhi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na kwa maoni yangu mama lishe, anayekaa motoni tangu alfajiri hadi jioni, alipaswa kuwa wa kwanza katika foleni ya ruzuku. Mkaa nao usikudanganye kwa kuwa hautoi moshi mwingi, kwani hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Baridi ya Julai isikufanye uingize jiko la mkaa chumbani mnakolala, hata kwa saa moja. Familia nzima huweza kufa usingizini.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 26, kijiwe chetu kiko Sakina. Wenzangu wanasema ukinywa nusu lita ya maziwa jioni, vumbi na moshi wote vinatoka kifuani. Mimi nafunga pia kitambaa mdomoni. Je, inatosha? Na nikiacha kazi hii nikifika miaka 40, mapafu yatajisafisha?
Dereva wa bodaboda, Arusha

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Maziwa ni chakula kizuri na uendelee kunywa, lakini yanapita kwenye njia ya chakula hadi tumboni, wala hayafiki kwenye mapafu. Imani hii nimeisikia kwa wachimbaji, kwa mafundi seremala na kwa wasaga nafaka, na inanisikitisha kwa sababu humpa mtu utulivu usio na msingi na kumfanya asitafute kinga ya kweli. Kitambaa nacho hunasa vumbi kubwa, lile la udongo wetu wa volkano linalokuganda kwenye nyusi, lakini moshi wa dizeli hupenya. Barakoa aina ya N95, ikikaza vizuri pande zote za uso, huzuia sehemu kubwa zaidi, ila huchakaa na huziba, hivyo haifai kufuliwa na kutumiwa miezi mingi.

Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na hewa chafu ya nje kwa ujumla ikafuata mwaka 2013. Ushahidi wa muda mrefu ulikuwepo hata kabla ya hapo. Watafiti wa Harvard waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka kati ya 14 na 16, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba, baada ya kuondoa athari za sigara na mambo mengine, hatari ya kufa katika mji uliokuwa mchafu kuliko yote ilizidi ile ya mji safi kwa asilimia 26.

Kuhusu kusubiri hadi miaka 40, mapafu hujisafisha vumbi kubwa, lakini makovu hayafutiki. Nafuu huanza siku unayopunguza moshi, kwa hiyo anza sasa. Ongeeni kijiweni mhamie mbali kidogo na mahali ambapo hiace husimama zikiunguruma zikisubiri abiria. Ukiwa kwenye foleni, usijipange nyuma ya bomba la lori, bali acha nafasi au pita mbele panaporuhusiwa. Kama unavuta sigara, acha, maana moshi huo na wa barabarani huongezeana. Pima presha kila mwaka, ingawa una miaka 26.

SWALI: Mwanangu daktari, mjukuu wangu wa miaka saba ana pumu. Tunaishi Pasua, na jirani huchoma taka na chupa za plastiki kila jioni. Wakati wa baridi moshi haupandi, unakaa chini hadi asubuhi. Mtoto amepewa dawa ya kuvuta lakini inaishia mdomoni. Nifanye nini?
Bibi, Moshi

JIBU: Shikamoo bibi. Umeona sawasawa. Katika usiku wa baridi usio na upepo, hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake, nayo ile ya juu huifunika ile ya chini, moshi ukakosa pa kwenda. Zungumza na jirani, na akikataa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na majirani wengine wenye watoto, kwani plastiki inayoungua hutoa sumu zinazowafikia nao. Jambo hili lina uzito kwa sababu mapafu ya mtoto bado yanakua. Huko kusini mwa California, watoto waliokulia kwenye hewa chafu zaidi walifika miaka 18 wakiwa na uwezekano wa takribani mara tano wa kuwa na mapafu dhaifu, lakini hewa iliposafishwa, watoto wa miaka iliyofuata walikua na mapafu yenye nguvu zaidi.

Kuhusu dawa, chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, utoboe kitako chake tundu linalolingana kabisa na mdomo wa kopo la dawa, na ulichomeke hapo. Mtoto aweke mdomo wa chupa kati ya midomo yake na kuubana vizuri, wewe bonyeza dawa mara moja, naye apumue taratibu ndani ya chupa mara tano au sita. Ioshe chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, kisha ipeleke kliniki siku ya miadi ili muuguzi aone mnavyoitumia na aangalie kama mtoto anahitaji pia dawa ya kuzuia, ile ya kutumiwa kila siku hata akiwa mzima.