Kwani Binamu ni Mlevi?

Jumapili moja, nyumbani kwa mama huko Umoja, mdogo wangu alitutangazia kwamba amekubali kumdhamini binamu yetu achukue mkopo wa shilingi 400,000 kwenye Sacco. Nikamwambia, "Hiyo ni sawa na kumpa mlevi funguo za gari lako."

Kijiko kikasimama kikombeni. "Dada, kwani binamu ni mlevi?"

Mama naye akaiweka chini chupa ya chai. Mtoto wa dada yake hajawahi hata kuonja pombe! Nusu saa nzima tukabishana kuhusu pombe. Mkopo ukasahauliwa.

Nilichotaka kusema ni kidogo tu: anayeendesha ni mwingine, gari likigongwa ni lako. Mkopaji akishindwa kulipa, Sacco hugeukia akiba ya wadhamini. Lakini nilichagua mfano uliobeba tusi, na tusi likishasikika, nani atasikia hoja? Siku hizi natanguliza, "Simsemi yeye, nalinganisha jambo moja tu," kisha nalitaja jambo lenyewe. Mara nyingine nauacha mfano kabisa. Siku ile ingetosha kusema, "Ni hela zako zitakazokatwa."

Msikilizaji naye ana makosa yake. Jioni hiyohiyo nilijaribu methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Baba akapapasa upara wake. "Mimi nitie maji wapi?" Yeye alikuwa anatania, ila wengi wetu hupinga mifano vivyo hivyo bila utani: tunaokota tofauti yoyote, tunaibwaga mezani, tunajiona washindi. Tofauti zitakuwepo tu. Swali ni kama tofauti hiyo inagusa kile kinachofananishwa. Mdogo wangu angeniambia mwajiri atakuwa anakata deni moja kwa moja kwenye mshahara wa binamu, ningenyamaza, maana hiyo inagusa. Pombe haikugusa chochote.

Onyo nalo tunaligeuza utabiri. Abiria wa boda boda anakataa helmeti, anashuka mjini mzima, anakucheka: "Si nimefika?" Kana kwamba aliambiwa ataanguka leo saa nne.

Basi, mdogo wangu alitia sahihi. Sasa ni miezi saba binamu analipa bila kukosa, na kila akilipa napokea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu: "Dada, mlevi wako amelipa."

Namuuliza imebaki miezi mingapi.