Maswali yenu kuhusu vifuko vya seli za figo

Nasikia seli za figo hupelekeana ujumbe kwa vifuko. Vifuko gani hivyo?

Ni viputo vya utando ambavyo seli huvitoa nje vikiwa vimebeba protini na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni. Vilivyo vidogo zaidi, eksosomu, vina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi, kwa hiyo usitarajie kuviona kwa hadubini ya kawaida. Awali vilidhaniwa kuwa njia ya seli kutupa taka tu.

Mbona mnaisema figo, wakati kila kiungo kina seli?

Kweli, karibu seli zote hutoa vifuko. Ila kila figo ina nefroni takriban milioni 1, na nefroni ni mrija ambao maji yake huenda upande mmoja. Kinachotoka kwa seli za juu, kwenye chujio, huwapitia walio chini wote, kama wanaokaa kando ya mto mmoja.

Mfano ninaoupenda ni wa akwaporini-2, mlango wa maji. Homoni ya vasopresini ikifika mwisho wa mrija, seli za hapo huweka milango hiyo kwenye utando wake ili maji yarudi mwilini. Mingine hutoka na vifuko. Maabarani, seli ambazo hazikuguswa na homoni zilipopewa vifuko hivyo, nazo zikaanza kupitisha maji zaidi. Zimepokea mlango ulio tayari, hazikuuunda! Lakini hizo ni seli zilizokuzwa kwenye vyombo, si figo ya mtu.

Ujumbe huo unaweza kudhuru?

Unaweza. Katika majaribio ya panya, seli za mrija zilizokosa oksijeni zilitoa vifuko vyenye RNA ya TGF-beta 1, protini inayochochea kovu. Seli za tishu unganishi zikivipokea huamka na kuzalisha kolajeni, protini ya nyuzi ngumu, na hapo kovu huanza. Kwa upande mwingine, vifuko vya seli shina vimesaidia figo za panya zilizoumia kupona.

Mama ana kisukari. Vifuko vya mkojo vinaweza kupimwa badala ya kuchukua kinyama cha figo kwa sindano?

Kwa sasa hapana. Asiache vipimo vyake vya albumini (protini ya damu) kwenye mkojo na kreatinini (taka ya misuli) kwenye damu. Matumaini yapo: mwaka 2004 watafiti Marekani walionyesha kuwa eksosomu za mkojo wa binadamu zina protini za sehemu zote za nefroni, tangu podositi, yaani seli za chujio. Kikwazo kimoja ni uromodulini, protini ya figo yenyewe, ambayo hujisuka nyuzi na kuvinasa vifuko kabla havijahesabiwa.

Nikinywa maji mengi, si vitaoshwa vyote?

La, seli huendelea kuvitoa. Mkojo ndio unaozimuliwa, na ndiyo maana hesabu ya vifuko mara nyingi hulinganishwa na kreatinini ya mkojo uleule, ambayo nayo huzimuliwa vilevile.