Habu ya tela usiambiwe, fungua mwenyewe

Mkuu, simama hapo hapo. Unatoka Dar Ijumaa ijayo kwenda Ruaha na familia, unavuta kitela cha kulala ulichonunua mkononi, na unauliza spea gani ubebe, betri ya taa iwe ya ukubwa gani na jiko la gesi ulifunge wapi. Halafu katikati umechomekea kwamba "beringi fundi kasema ziko poa, zilipakwa grisi mwaka juzi".

Hapo ndipo nilipoacha kula.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Fundi alizungusha gurudumu kwa mkono, akatega sikio kama anamsikiliza mgonjwa, akachomeka pampu ya grisi kwenye kifuniko cha habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, na kusukuma mara tano. "Bosi, hii unafika nayo Zambia." Nikampa elfu thelathini na soda juu. Hata Mikumi mjini sikufika.

Kumbe oilsili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia uchafu usiingie kwenye habu, ilishachanika zamani, maji na vumbi vinaingia vinavyotaka, na ile grisi yake yote iliishia kwenye beringi ya nje. Ya ndani haikuionja. Morogoro nilisimama, nikanywa supu, habu sikuigusa. Baada ya Doma, tayari tuko hifadhini, lori la nyuma likaanza kunipigia taa. Nikadhani dereva kalipenda tela! Mke wangu ndiye aliyesema kuna kitu kinaungua.

Nashuka, habu ya kulia inafuka moshi na gurudumu limeinama kama mguu ulioteguka. Beringi imesagika, imeng'ang'ania ncha ya ekseli, chuma kimegeuka buluu. Saa kumi na moja jioni. Matawi ya kutandaza barabarani huwezi kukata, ni hifadhi ile. Jeki ya gari haiingii chini ya tela lililolala. Ng'ambo ya barabara tembo wawili wanakula taratibu, watoto wanashangilia kwamba utalii umeanza mapema. Mimi nimeinamia boksi la spana kama natafuta kitu, kumbe nasali.

Gari la kutubeba kurudi Morogoro, kuchongewa ncha mpya ya ekseli, habu, gesti siku tatu: 1,140,000. Beringi na oilsili za upande ule zingenigharimu elfu sitini. Nilipompigia fundi akasema, "Labda ulikimbia sana bosi." Nikimbie nini, nilipitwa na kila basi tangu Chalinze!

Kwa hiyo usisafiri na habu ambayo hujaifungua kwa mikono yako. Zuia magurudumu kwa mawe, piga jeki, toa kifuniko, nyoosha pini inayozuia nati uichomoe, fungua nati, vuta. Kila gurudumu lina beringi mbili, ndogo nje, kubwa ndani. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pitisha ukucha ndani ya kikombe chake, ile pete ya chuma ambamo beringi inazungukia. Ukucha ukikwama, beringi na kikombe vyote tupa, usibadilishe kimoja. Weka donge la grisi kiganjani, ulimege kwa ule ukingo mpana wa beringi kama unavyomega ugali, mpaka uione inachomoza upande wa pili kati ya vyuma. Oilsili mpya, hata kama ya zamani inakuchekea. Nati kaza huku gurudumu linazunguka, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu, tia pini mpya. Ukiikaza kama nati za tairi utaiunguza vilevile.

Kibaha simama. Sogeza kiganja kwenye habu bila kugusa, kisha gusa. Vuguvugu sawa. Ikikurusha mkono, au ya kulia ina moto kuliko ya kushoto, huendi popote. Rudia Chalinze, Morogoro, Mikumi, na kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Mkeo atakuona umechanganyikiwa, wangu kashazoea.

Spea: seti nzima ya beringi, oilsili, pini, grisi ya aina ile ile uliyopaka, jeki fupi na kipande cha ubao. Na spea tairi ya tela lenyewe, maana ya gari huenda matundu yake yasilingane.

Jiko la gesi? Mimi nabeba mkaa.

Kesho asubuhi anza na ya kulia. Ukishaosha kikombe kipige picha ukiweke hapa, nitakuwepo.